Parseli ya mteremko Panzi: ukuta umeanguka, nifanye nini kabla mvua ya Septemba haijarudi?

MamaMwalimu, tarehe 9 Juni

Habari zenu wazazi, kaka na dada. Naandika kutoka Panzi, hapa Bukavu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu alinunua parseli hii, yaani kiwanja, mwaka 2012, akajenga nyumba, akafariki kabla ya kumaliza uwanja. Naishi na watoto watatu na mama yangu mzazi, ambaye magoti hayamsaidii tena.

Parseli ina upana wa mita 15 na urefu wa mita 22, yote mteremko. Nimepima kwa mpira mwembamba uliojaa maji kama mafundi wanavyofanya: toka juu mpaka chini ni mita saba za kushuka. Nyumba iko katikati. Nyuma yake mlima ulikatwa wima, kama mita mbili na nusu. Mbele kulikuwa na uwanja wa mita sita uliojazwa udongo, na mwisho wa uwanja ukuta wa matofali ya sima (saruji), unene sentimita 20, kimo mita 2.80, urefu mita 14. Ukuta huo niliujengesha mwenyewe mwaka 2021 kwa pesa ya likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana. Chini ya ukuta kuna mita tano nyingine za mteremko, kisha ni kwa jirani.

Usiku wa tarehe 17 Aprili mvua ilianza saa tatu, ikakata karibu saa saba. Saa tano na kitu nilisikia mlio kama lori linamwaga mawe, nyumba ikatikisika. Nilipotoka na tochi, ukuta haukuwepo. Ulikuwa umelala juu ya jiko la jirani wa chini. Mpwa wake aliyekuwa analala ndani ya jiko hilo alikuwa amerudi Walungu siku mbili kabla. Siku mbili. Nimemlipa jirani masufuria na kuku, nimemwahidi jiko jipya, lakini nikifumba macho usiku bado naona kile kitanda kimejaa matofali.

Sasa kuna ufa kwenye uwanja, mita tatu kutoka barazani, unaingia kidole. Fundi mmoja amekuja, anasema dawa ni ukuta mmoja wa beto (zege), kimo mita nne, wenye nguzo za chuma. Anataka dola 4,800. Mimi nina 1,700, nazo ni likelemba ya mwaka mzima pamoja na mkopo.

Ninachotaka: nyumba isishuke. Jirani alale. Mama aweze kushuka mpaka getini bila kubebwa mgongoni, maana geti liko kwenye kona ya chini upande wa kushoto, huko ndiko pikipiki zinafika. Na kama inawezekana, mahali pa kuanika nguo na kulima lengalenga (mchicha) kidogo. Je, ule ukuta wa mita nne ndiyo njia pekee?

---

MzeeWaMawe, tarehe 9 Juni

Mama Mwalimu, pole sana. Mungu amekuhurumia wewe na jirani yako.

Mimi nimejenga kwa mawe miaka 31, zaidi Kadutu na Ibanda, hapa hapa Bukavu, sasa mgongo umechoka nimebaki kuelekeza vijana. Kabla hatujaongea mawe, niongelee maji. Naomba unijibu haya, na usinijibu kwa kukumbuka, nenda ukaangalie.

Ukuta ulikuwa na matundu ya kutolea maji, yale tunayoita barbakani? Maji ya manjanja (mabati) ya nyumba yako yanaangukia wapi? Fosi, shimo la choo, iko wapi? Tanki la maji lilikuwa wapi? Chini ya msingi uliovunjika kuna udongo gani, ule mwekundu mgumu wa mlima au udongo uliomwagwa? Na je, ukuta haukuonyesha dalili yoyote kabla? Ukuta mara nyingi hutangulia kuonya. Unavimba tumbo kwanza.

---

MamaMwalimu, tarehe 10 Juni

Mzee, asante. Nimeangalia leo asubuhi na mtoto wangu mkubwa.

Matundu: hakuna hata moja. Fundi alisema yatachafua sura ya ukuta na kumwagia jirani maji. Manjanja: hakuna gutieri (mifereji ya paa), maji yote yanaanguka uwanjani, nyumba ni mita 8 kwa 11. Fosi iko uwanjani, mita nne nyuma ya ukuta. Tanki la lita 2,000 lilikuwa juu ya meza ya matofali, hatua moja kutoka ukingoni. Lilienda na ukuta.

Msingi: tumechimba sentimita 40 tukakuta udongo mweusi, vipande vya mifuko ya plastiki na sandali moja. Yaani ukuta ulikaa juu ya takataka.

Na tumbo, ndiyo Mzee. Mwezi wa pili ulivimba katikati, ukapasuka mstari wa kulala. Nilinunua nusu mfuko wa sima tukaupaka.

---

MzeeWaMawe, tarehe 10 Juni

Basi umejibu mwenyewe swali la kwa nini. Sasa sikiliza taratibu.

Paa lako ni mita za mraba 88. Mvua ya milimita 40, ambayo hapa kwetu si ya ajabu, inaangusha juu ya paa hilo lita 3,520. Ni tani tatu na nusu za maji zinazomwagwa mahali pamoja, kwenye udongo uliojazwa, nyuma ya ukuta usio na tundu. Ongeza tanki likijaa, tani mbili nyingine ukingoni kabisa. Ongeza fosi inayonywesha udongo kila siku, hata Julai. Udongo mkavu unajishika wenyewe kwa sehemu. Udongo ulioshiba maji unakuwa kama uji, na uji unasukuma. Ukuta wa tofali moja la sentimita 20 haukuwa na kazi ya kuzuia udongo, ulikuwa na kazi ya kuzuia bwawa, na hakuna aliyekuambia.

Huo ukuta wa mita nne wa beto, ukipigiwa hesabu na injinia, ukawa na mguu mpana unaorudi ndani chini ya udongo, ukafungwa vyuma inavyopasa, unasimama. Lakini fundi anayekupa bei bila kuchimba shimo hata moja la kuangalia udongo, na bila kutaja maji, anakuuzia ule ule wa 2021, mrefu zaidi. Na mrefu ukianguka unafika mbali zaidi. Ukuta ukiongezeka kimo mara mbili, nguvu inayousukuma inaongezeka mara nne. Tafadhali usikubali.

Mimi ningekushauri ukuta mfupi, mara tatu. Ngazi ya matuta. Una mita nne za kushuka toka baraza mpaka mpaka wa jirani, ndani ya mita 11 za kwenda mbele. Weka kuta tatu za mawe makavu, kila mmoja kimo cha mita 1.20, na kati ya ukuta na ukuta uache tuta la mita 2.40, yaani mara mbili ya kimo, ili ukuta wa juu usije ukakaa mgongoni mwa ule wa chini. Acha pia mita moja toka kwa jirani. Ukijumlisha utaona uwanja wako wa mita sita unabaki mita tatu na kidogo. Najua inauma, uwanja ni uwanja. Lakini zile mita tatu nyingine hazikuwa ardhi, zilikuwa mzigo.

Mawe makavu maana yake bila sima. Watu wananishangaa nikisema hivyo. Sima inaziba, na sisi tunataka maji yapite. Ukuta mkavu wote ni barbakani. Tena ardhi ikitikisika unacheza kidogo na kukaa tena. Baada ya tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 nilizunguka kuangalia kazi zangu za zamani: kuta kavu mbili nilirudishia mawe ya juu tu, ukuta mmoja wa sima tuliubomoa wote.

Namna ya kuujenga. Chimba mpaka udongo mwekundu mgumu, hata kama ni sentimita 60, takataka zote zitoke. Sakafu ya msingi iiname kidogo kuelekea mlimani, isiiname kuelekea kwa jirani. Chini upana sentimita 60, juu 45. Kila sentimita 15 za kupanda rudi nyuma sentimita 2, ukuta uegemee mlima. Jiwe lilale kwa tumbo lake, lisisimame kwa urembo. Kila mita moja weka jiwe refu linaloingia ndani mpaka mwisho wa unene, hilo ndilo linafunga uso na mgongo. Kiungo cha mawe mawili kisikae juu ya kiungo kingine. Nyuma ya ukuta jaza kokoto unene wa sentimita 30, usijaze udongo. Yale matofali yako yaliyovunjika usiyatupe, yapige nyundo yawe kokoto. Yameshalipiwa.

Na anzia chini. Vijana watataka kuanzia juu kwa sababu mawe yanashushwa toka juu. Kataa.

Niliwahi kujenga ukuta wa mita tatu mwaka 1998 bila kufuata haya, mwenye nyumba alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na watoto wa kulisha. Ulianguka mwaka uliofuata. Hakuna aliyeumia. Lakini kila parseli ya mteremko ninayoingia tangu siku hiyo, naangalia kwanza nani analala chini.

---

InjiniaKijana, tarehe 11 Juni

Shikamoo Mzee. Mama Mwalimu, pole. Kuhusu mbele ya nyumba nakubaliana na Mzee karibu kila neno, kimo cha mita 1.20 kwa mawe makavu kiko ndani ya uwezo wa fundi mzuri. Nataka mtazame nyuma.

Wote tunaangalia chini kwa sababu huko ndiko ukuta ulianguka. Lakini umeandika kwamba nyuma ya nyumba mlima umekatwa wima mita mbili na nusu. Kutoka mkato huo mpaka ukuta wa chumba ni umbali gani? Nani analala chumba hicho? Udongo wetu mwekundu, uliotokana na mawe ya volkano yaliyooza, unasimama wima miaka mingi, mtu anauamini, halafu unakatika siku moja ya mvua kipande kizima. Ukuta wa mbele unashuka na uwanja. Mkato wa nyuma unaingia kitandani.

Hiyo sehemu ndiyo yenye kuhitaji hesabu na beto, au kulegezwa ili iiname. Kama pesa haifiki mwaka huu, basi fanya mawili: chimba mtaro juu ya mkato, mita moja au mbili nyuma ya ukingo, uushindilie udongo mfinyanzi au uupake sima ili maji ya njia ya juu yasifike kwenye ukingo, na usimlaze mtu yeyote vyumba vya nyuma mvua ikiwa kubwa.

La pili, ule ufa. Kuna tofauti kati ya uwanja uliojazwa unaoshuka na mlima mzima unaotembea. Wote tunaijua Funu, huko Kadutu: nyumba zinapasuka, mabomba ya maji yanakatika, yanaungwa, yanakatika tena. Watafiti waliolinganisha picha za ndege za zamani na za satelaiti walionyesha kwamba mlima ule uliongeza mwendo kadiri makazi yalivyoongezeka juu yake, na maji ya mapaa, ya mabomba yanayovuja na ya mitaro isiyofika popote yamechangia. Mahali kama pale hakuna ukuta, wa mawe wala wa beto, unaosaidia. Kwa hiyo jaribu hivi: ufa uliomo ndani ya ukuta wa nyumba, kama upo, bandika juu yake kibandiko cha plasta ya jasi, upana wa kiganja, andika tarehe. Plasta haivutiki. Ikikatika, nyumba imesogea. Kwenye uwanja piga vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, pima kati yake kila Jumapili. Angalia pia kwa majirani: milango inagoma kufunga? miti imepinda mguuni? Kama nyufa zinavuka parseli tatu nne kwa mstari mmoja, usinunue jiwe hata moja.

---

NikoChini, tarehe 11 Juni

Mimi si fundi. Mimi ni yule wa chini.

Tunaishi chini ya ukuta wa mtu hapa Kadutu. Kila mvua ya usiku naamsha watoto, tunakaa sebuleni tumevaa viatu. Mdogo wangu wa kike alikuwa na rafiki Bushushu, kule Kalehe, rafiki huyo alizikwa na maji na udongo Mei 2023, pale Bushushu na Nyamukubi walikokufa watu zaidi ya 400. Tangu hapo sisi mvua haituletei usingizi.

Mama Mwalimu, nimesoma ulivyoandika kuhusu kile kitanda. Nakuomba jambo moja tu. Unapopanga maji yako yashukie wapi, nenda kwa jirani yako ukae naye, mchore pamoja. Mwenye ukuta wa juu yetu alitoboa matundu kweli, kama Mzee anavyosema, lakini maji yakatoka kwa nguvu na kuanguka moja kwa moja mlangoni kwetu. Hakuja hata siku moja kuona. Ni bomba la plastiki la mita chache tu lingetosha.

---

MzeeWaMawe, tarehe 12 Juni

Mwanangu wa chini, umesema jambo ambalo nilipaswa kulianza mimi.

Mama, sasa kanivo, yaani mfereji wa kushushia maji. Gutieri pande zote mbili za paa, bomba liingie kwenye tanki, na tanki likae kando ya nyumba juu ya udongo uliokatwa, si uliojazwa. Tanki likijaa, mfuriko wake uwe na bomba lake. Maji hayo, pamoja na ya nyuma ya nyumba, yapelekwe upande wa kushoto, yashuke kwenye kanivo ya mawe na sima (hapa ndipo sima yako inatumika) mpaka kwenye mtaro wa avenyu (barabara) kule getini. Kanivo isiwe mtelezo. Ijengwe kwa ngazi ngazi, kila hatua na kisahani chake cha kuvunja kasi. Maji yakishuka mita nne bila kuvunjwa yanachimba shimo chini ya msingi wa ukuta kwa msimu mmoja.

Na ngazi za mama yako zishuke pembeni ya hiyo kanivo. Mita nne ukigawa kwa sentimita 16 ni ngazi 25. Kila ngazi kina cha sentimita 30, jumla mita saba na nusu. Weka mapumziko mawili ya mita 1.20, moja kwenye kila tuta, unapata karibu mita kumi, zinaingia kwenye zile 11. Kimo cha ngazi zote kiwe kimoja kabisa. Mtu mwenye magoti mabovu akizoea 16 kisha akakuta 20, ndipo anapoanguka. Kishikio cha bomba la chuma upande wa ukuta, na kwenye kila mapumziko jiwe pana la kukalia.

---

AgroKabare, tarehe 13 Juni

Nimefurahi kuona mazungumzo haya. Naongeza majani, kwa sababu mawe bila mizizi ni nusu ya kazi.

Babu yangu, hapa Kabare, alilazimishwa na Wabelgiji kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko kwa kufuata mstari wa mlima. Walichukia kazi ile kwa sababu ya fimbo, na baada ya uhuru wengi waliifukia kwa hasira. Nilipokuwa mtoto alinionyesha mahali ambapo mtaro ulibaki: udongo pale juu ulikuwa mnene, penginepo jembe linagonga jiwe. Ukivuka macho ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, unayaona matuta mlima mzima.

Kupata mstari wa usawa hauhitaji mashine. Funga miti mitatu kama herufi A, ning'iniza jiwe kwa uzi toka kichwani, weka alama kwenye mti wa katikati pale uzi unapokaa miguu ikiwa sawa. Itembeze A hiyo juu ya parseli, mguu kwa mguu, piga vigingi. Vigingi vitapinda pinda, usinyooshe.

Ukingoni mwa kila tuta panda vetiva, nyasi ya kushika udongo, mche kwa mche sentimita 10 hadi 15, bila kuacha pengo. Mizizi yake haitambai, inashuka wima, mahali pazuri inapita mita mbili mwaka wa kwanza. Haitaiba chakula cha lengalenga yako. Ukikosa vetiva tumia nyasi nyingine kama setaria, au mabingobingo kama jirani ana mbuzi au sungura, ila mabingobingo ukate mara kwa mara. Kwenye uso ulioinama wa nyuma unaweza kuweka mti mdogo wa kaliandra, uikate ibaki kimo cha kiuno.

Usipande mkaratusi juu ya ukuta. Ni mzito, upepo unautikisa, na huo mtikiso unafungua udongo. Migomba nayo, najua kila mtu anaipenda ukingoni, mizizi yake ni mifupi na shina limejaa maji. Ikilala inang'oka na kipande cha tuta. Iweke kwenye sehemu tambarare, chini kabisa, pale maji ya kuogea yanapoishia.

Panda mvua ya kwanza inapoanza, usisubiri Novemba. Na udongo wowote ulio uchi Agosti uufunike kwa majani makavu.

---

MamaMwalimu, tarehe 6 Julai

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nachimba. Habari kwa kifupi.

Nilikwenda kwa jirani wa chini na daftari ya mraba. Tulichora mezani kwake. Alikuwa mkali mwanzoni, ana haki. Tulipofika kwenye kanivo alinyamaza, akaniomba kisahani cha mwisho kisiwe karibu na mlango wake, tukakisogeza mita mbili.

Nimetembelea majirani saba juu na chini. Nyufa hazivuki kwao, milango yao inafunga. Ndani ya nyumba yangu kulikuwa na ufa mmoja barazani, nimeweka plasta yenye tarehe 14 Juni. Bado nzima, lakini Injinia najua hiki ni kiangazi, nitaamini baada ya Desemba.

Na kule nyuma. Mkato uko sentimita 80 kutoka ukuta wa chumba, na anayelala humo ni mama yangu. Nilikuwa nimempa chumba hicho kwa sababu kina joto. Siku ile ile nilihamisha kitanda chake mbele.

Fosi tumeihama, mpya iko kando, upande wa kulia, kwenye udongo mgumu. Hiyo imekula pesa nyingi kuliko nilivyofikiri. Ukuta wa kwanza wa chini umeisha, wa pili umefika nusu. Lori halifiki kwangu, kila jiwe limepandishwa kichwani na mgongoni toka avenyu, na wanaobeba zaidi ni wamama. Niliwalipa kwa safari, na chai ya saa nne niliipika mwenyewe. Vijana walitaka kuanzia juu, kama Mzee alivyotabiri.

Pesa haitafika ukuta wa tatu. Nifanye nini na ile mita 1.20 ya mwisho?

---

MzeeWaMawe, tarehe 6 Julai

Ilaze. Ikate iiname, kwa kila mita moja ya kupanda iende nyuma mita moja na nusu, ishindiliwe, ipandwe vetiva mistari miwili. Utapoteza mita nyingine ya uwanja. Utabaki na mbili na kidogo. Usijenge ukuta wa tatu kwa mawe mabovu ili tu ulinganishe sura.

---

InjiniaKijana, tarehe 7 Julai

Nakubaliana na Mzee. Na asante kwa kuhamisha kitanda, Mama. Ukipata pesa Juni ijayo tuanze na mkato wa nyuma kabla ya ukuta wa tatu. Nitakuja kuangalia bila malipo, niko Nguba.

---

MamaMwalimu, tarehe 2 Oktoba

Jana usiku tumepata mvua kubwa ya kwanza, dakika hamsini. Nilitoka na mwavuli na tochi, mtoto mkubwa akashika tochi ya pili.

Gutieri zilimeza yote. Tanki lilijaa ndani ya nusu saa, bomba la mfuriko likaanza kufanya kazi, na kanivo ikawa inaimba kisahani kwa kisahani. Tulipofika mapumziko ya chini nikamkuta jirani amesimama upande wake na kanga kichwani, naye ana tochi. Tuliangalia ukuta wa chini pamoja. Maji yalikuwa yanatoka kati ya mawe pole pole, urefu wote, maji meupe. Hakusema kitu. Aliingia ndani, taa ikazima. Jiko lake jipya lina mlango wa mbao ambao mimi na mtoto tuliupaka rangi Jumamosi iliyopita.

Plasta ya barazani ni nzima. Kati ya vigingi ni sentimita 41, kama Agosti. Vetiva imeshika, isipokuwa miche kama ishirini ambayo kuku waliichokora. Mama anashuka ngazi 25 akikaa mara mbili, anasema mapumziko ya juu ni mazuri zaidi kwa sababu anaona ziwa. Uwanja ni mdogo, kamba ya nguo imebidi nifunge kwenye tuta la pili.

Swali langu, Mzee. Ukuta wa pili, mwisho wa kushoto karibu na ngazi, pale maji hayakuwa meupe. Yalikuwa ya kahawia, na asubuhi nimekuta udongo laini kama viganja viwili chini yake. Nifungue au nisubiri?

---

MzeeWaMawe, tarehe 2 Oktoba

Usisubiri. Maji ya kahawia maana yake udongo wa nyuma unatoka, na unapotoka unaacha pango. Bila shaka vijana waliishiwa kokoto pale mwisho wakajaza udongo.

Leo kama hakuna mvua: toa mawe ya juu mistari mitatu kwa upana wa mita moja, yapange chini kwa mpangilio ule ule ili ujue lipi linarudi wapi. Chimba nyuma yake sentimita 30 mpaka uone kokoto za upande wa pili. Jaza kokoto, kubwa chini, ndogo juu, na juu kabisa kabla ya udongo weka majani makavu yaliyoshindiliwa vizuri. Rudisha mawe. Funika kwa turubai ikifika jioni kabla hujamaliza. Kazi ya watu wawili, nusu siku. Angalia pia kama kisahani cha kanivo cha pale hakivuji kuelekea ukutani, mimina ndoo mbili uone.

Nitumie picha kabla hujarudisha mawe.